Lokombe wa Karatasi na Lokombe wa Pélagie

Kaka yangu Okito alikuwa karani bandarini, upande wa mji, lakini tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Kazini kulikuwa na mashine ya kuandikia, na saa ambazo boti haikuja alikaa nayo akaandika hadithi. Akawapa watu wa treni, wakasoma, wakapeana.

Ndani yake kulikuwa na mchawi anaitwa Lokombe. Alikamata vivuli vya watu akavifanyisha kazi chini ya mto, bila chumvi, bila kupumzika. Mwanamume mmoja, Shutsha, alishuka pangoni na upanga akamuua. Lakini damu ya mchawi ikaingia ndani ya chuma, upanga ukaanza kusema kwa sauti yake, na Shutsha alipofika nyumbani wa kwanza kukatwa alikuwa mke wake. Hadithi iliishia hapo.

Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tulipokuwa tunafyeka kando ya barabara, mtu mmoja aliisoma kwa sauti, na majembe yote yakalala. Mama mmoja muuza mihogo akauliza, "Sasa ule mwanamuke alikosa nini?" Wanaume wa stesheni wakasema upanga ule uletwe kwao, kuna mkubwa mmoja anautaka. Jirani Hadidja aligeuza kitanda chake, miguu isielekee mtoni. Okito alifurahi. Akawa anatembea polepole barabarani ili watu wapate nafasi ya kumsalimu.

Kosa lake lilikuwa jina. Alilichagua akidhani ni la zamani, halina mtu. Lakini serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu, na kila nyumba ilikwenda ofisi ya komini na jina la mzee fulani aliyekufa. Jirani yetu Dimandja, ambaye zamani alikuwa Augustin, alimwandikisha mtoto wake Clément kwa jina la babu yake mfua vyuma: Lokombe. Nyumbani sote tuliendelea kumwita Kléma, na Okito akasahau.

Kisha Kléma akashikwa na homa. Siku ya pili macho yakageuka juu na meno yakafungana. Mama yake, Pélagie, alikuwa amekwisha kumfunga mgongoni avuke kwenda hospitali. Dimandja akasimama mlangoni.

"Jina lake liko chini ya maji," alisema. "Dawa itamukuta wapi?"

"Baba Kléma, ile ni karatasi tu," Okito akamwambia.

"Ulilitia mule mbele ya watu. Utalitoa mbele ya watu. Kisha njo tutavuka."

Akatuma kuita wote waliosikia hadithi. Watu wakaanza kuja mmojammoja, wengine na viti vyao. Mimi nilikaa kwenye mkeka na Pélagie, namlowanisha mtoto kwa kitambaa. Zamani mdogo wangu alikufa hivihivi, macho juu, tukingojea baba yetu amalize mazungumzo yake. Niliyajua yale macho.

Nikainuka, nikamfuata Okito, yaya wangu, kaka mkubwa.

"Yaya, soma yote. Toka mwanzo."

"Wanataka mwisho mupya tu, Adèle."

"Soma yote. Polepole."

Aliniangalia, akaangalia mkeka, akaanza kusoma.

Mwanzoni walinung'unika kwamba haya wanayajua. Shutsha alipoingia pangoni, mtu wa nyuma akasema, "Usiingie mule, muntu yangu." Hadidja akafunika mdomo. Dimandja alikuwa amekunja mikono kifuani. Nikangoja. Upanga ulipotoka alani mikono yake ikafunguka yenyewe, akainama mbele kama mtu anayetaka kusaidia.

Nilimgeukia Pélagie. Alivua kikwembe chake cha juu, akamfunga mtoto mgongoni kwangu, akakunja blanketi akaliweka pale alipokuwa amelala, akaendelea kulilowanisha.

Nilipita nyuma ya jiko. Mtoni alikuwapo Hamisi na mtumbwi wake.

"Mutoto wa nani?" akauliza.

"Wa Pélagie."

"Ule wa jina?" Akarudisha kafi ndani. "Adèle, mi niko na watoto. Wale wa chini wakimusikia anapita juu yao, watatuvuta wote."

Sikuwa na kitu cha kumpa, wala nguvu za kumbembeleza. Mtoto alikuwa anaunguza mgongo wangu.

"Hamisi, yaya yangu anatengeneza mwisho mupya sasa hivi. Ukikataa, utaingia mule. Jina lako, na la baba yako."

"Wewe iko mubaya."

"Ndiyo. Piga kafi."

Alipiga huku akisoma dua, uso juu, hataki kuona maji. Katikati ya mto degedege likamshika tena mtoto. Mguu wake ukanipiga ubavuni, ukanipiga, kisha ukaacha. Sikugeuza kichwa. Nilimwambia Hamisi aongeze.

Hospitali ilijaa. Muganga alikuwa mwanamume mwembamba, kalamu mkononi.

"Jina, citoyenne?" Ndivyo serikali ilivyotaka tuitane, raia.

Ningeweza kusema Clément, lakini hilo lilikuwa limekatazwa, na karatasi yake isingepokelewa.

"Lokombe."

Mama mmoja kwenye benchi akamvuta mtoto wake mapajani. Muganga akainua macho. Hata huku hadithi ilikuwa imefika.

"Kama yule?"

"Kama babu yake. Alikuwa anafua majembe."

Akatua kalamu, akamchukua mtoto kwa mikono miwili, akaingia naye ndani. Nilisikiliza mlango. Mtoto anayechomwa sindano hulia. Huyu hakulia.

Dimandja alifika amelowa hadi kifuani, Okito nyuma yake, mdomo umepasuka. Kule Alunguli karatasi zilikuwa zimemwishia Okito. Akaendelea kwa kichwa, anamuua mchawi, anamfufua, anamuua tena, mpaka Dimandja akaenda kumgusa mtoto na kushika blanketi.

"Umeiba mutoto yangu," akaniambia. Mkono ulikuwa juu.

"Iko mule ndani, Baba Kléma. Nipige, lakini usipige kelele. Nasikiliza."

Mkono ukabaki juu. Naye akasikiliza. Halafu ikatoka sauti ndogo, ya hasira, kama ya paka aliyekanyagwa, na ikatoka tena, kubwa zaidi.

Muganga akachungulia. "Amepata kulia. Usiku huu njo tutajua. Baba yake ni nani? Ingia, umushike miguu."

Dimandja aliingia. Alipotoka, alikaa kwenye benchi, si upande wangu, upande wa Okito. Walikaa vile bila kuangaliana. Mwishowe Dimandja akachana kipande cha shati lake lililolowa.

"Shika, jifute. Unatia damu kwa benchi ya watu."