Uso wa Kusimama Mbele

Kwa Nasiri, pale mtaa wa Kagugu, kama hujaungua basi hujanyolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya saluni yake. Ukishaondolewa ndevu, Nasiri anakung'uta taulo, anachukua chupa ya spiriti, anakupulizia mashavu na shingo, halafu saluni nzima inageuka kukutazama kwenye kioo. Ukitoa "sss" umekwisha. Wiki nzima utaitwa bibi harusi.

Hirwa alikuwa bingwa wa kile kiti cha kunyolea. Kijana amemaliza sekondari mwaka jana, chuo hana, kazi ya kueleweka hana, ila kwa spiriti hakuwa na mpinzani. Anapuliziwa, ametulia tuli kama anapigwa picha ya kitambulisho. Hata Silvère, dereva wa pikipiki aliyekulia Bujumbura na ambaye hamwachi mtu bila kumcheka, alikuwa anamvulia kofia.

Shida ilikuwa kesho yake. Kesho yake uso unaamka na vipele, vigumu, vyekundu, kuanzia sikioni mpaka kooni. Na uso ndio ulikuwa kazi yake yenyewe, hiyo kidogo aliyokuwa nayo. Hirwa alikuwa protoko, wale vijana wa suti wanaopokea wageni kwenye harusi, wanakuonyesha kiti na kukuchekea hata kama umechelewa. Bosi wao, Liliane, hana mchezo kabisa. Ndevu hataki, hata kivuli chake. Vipele pia hataki. Kwa hiyo kila harusi Hirwa aliishia huko kwenye parking na suti yake nzuri, anapungia magari mkono, anakula vumbi.

Jumatatu Liliane akapiga simu. Jumamosi kuna harusi kubwa Gahanga, na kijana wa kutangulia mbele ya msafara wa bwana harusi amepata safari. Liliane huwa anaongea bila kuvuta pumzi, lakini mwisho alipunguza mwendo.

"Wewe uko mrefu, na unatembea vizuri. Nataka nikuweke mbele. Lakini sha, kijana wangu, uje na uso. Ukija na yale mahindi ya kuchoma, sitakuita tena."

Sitakuita tena. Nyumbani walikuwa wameshaanza kumuuliza atakaa hivyo mpaka lini, na jibu lake lilikuwa hilohilo moja: mimi niko kwa Liliane. Akikosa Liliane, hana jibu.

Sasa, Hirwa kwa akili yake aliona dawa ni moja tu, kuongeza moto. Kama spiriti inaua vijidudu na vipele bado viko, si ina maana spiriti haijatosha? Alikuwa na chupa yake chumbani, anajimwagia asubuhi na jioni, macho amefumba, meno ameuma. Uso ukawa umekaza kama ngozi ya ngoma. Jumanne akaenda saluni kuoshwa kichwa, na aliyemshika ni Yasmina.

Yasmina ni mdogo wake Nasiri. Kazi yake ni kuosha wateja vichwa na kuwakanda mabega wakishanyolewa, kwa hiyo nyuso za mtaa mzima anazijua, tena kwa karibu. Alimuuliza Hirwa anapaka nini nyumbani. Hirwa akamwambia, na kifua mbele. Yasmina alicheka mpaka maji yakamwingia mtoto wa watu masikioni.

Alipomaliza kucheka akamweleza. Wembe hauondoi ndevu peke yake, unaondoka na kajingozi ka juu. Pamebaki pabichi, wewe unamwaga spiriti, inakausha hata yale mafuta kidogo yaliyobaki. Ngozi inakakamaa, nywele inataka kutoka haioni njia, inajikunja humo ndani. Kipele hicho. Akatoa chini ya beseni chupa ya kijani, losheni ya kupaka baada ya kunyoa, haina alkoli, ina alovera na glisirini, ndicho chakula cha ngozi, akasema. Yeye alikuwa anaipaka mikononi, maana mikono yake inashinda kwenye sabuni.

Nasiri aliyasikia yote. Aliacha mashine inanguruma hewani.

"Ngozi inakula?" akauliza. "Hapa iko saluni, haiko restora. Kazi ya aftasheva baada ya wembe ni kuua vijidudu, basi. Mambo ya kulisha uso ni ya akina mama."

Silvère, pale kwenye benchi, akasema na Hirwa aletewe chupa ya maziwa, apigwepigwe na mgongoni kama mtoto mchanga mpaka acheue. Watu wakaangua kicheko. Siku nyingine Hirwa angecheka nao, maana Nasiri ni mkubwa wake na saluni ni yake. Lakini aliiona Jumamosi inaondoka hivihivi. Akajifuta maji usoni, akaongea kwa adabu zote.

"Kaka Nasiri, samahani. Hiyo spiriti, wewe mwenyewe ulijipaka lini mara ya mwisho?"

Saluni nzima ikamgeukia Nasiri. Kwa sababu Nasiri ana ndevu zimefika kifuani, nyeusi, zimechanwa vizuri, na wembe haujagusa shavu lake tangu ujana. Kagugu yote ameichoma, na yeye hajawahi kuungua hata siku moja.

Silvère alicheka mpaka akashika ukuta. Nasiri akasema ndevu zake hazinyoi kwa ajili ya mtu, hayo ni mambo yake na Mungu wake, na hapo hakuna aliyebisha. Lakini ni mtu wa majivuno, na wateja walikuwa wanamtazama. Akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Vigasha vyake vilikuwa vimejaa nywele kama shamba lisilopaliliwa. Akachukua wembe mpya, akanyoa kimoja, akanyoa na cha pili, kavukavu, vilevile anavyonyoa watu. Mkono wa kulia akaupulizia spiriti. Wa kushoto akamwachia Yasmina aupake losheni.

Hakutoa "sss." Ila macho yalijaa maji.

"Bosi, unalia?" Silvère akauliza.

"Ni vumbi."

Hamkuwa na vumbi. Yasmina alikuwa ametoka kudeki.

Hirwa akaenda nyumbani, akamwaga chupa yake ya spiriti chooni, akaacha uso upumzike. Alhamisi akapita saluni. Nasiri alikuwa ananyoa mtu huku anajikuna mkono wa kulia kwa mpini wa kitana. Vipele vilikuwa vimejipanga kuanzia kiwiko mpaka kwenye saa ya mkononi. Wa kushoto ulikuwa laini, unang'aa. Kila mteja aliyeingia aliomba kuona, na Silvère ndiye aliyekuwa anaelezea, kama mwongoza watalii.

Ijumaa mchana ikawa zamu ya Hirwa kukaa kwenye kiti. Benchi lilikuwa limejaa. Nasiri alimnyoa taratibu, akifuata nywele zinavyolala, bila kurudia. Halafu akasimama katikati ya chupa mbili, anamsubiri aseme mwenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Bingwa wa spiriti, mbele ya watu wote, aombe chakula cha ngozi. Alimwona Silvère kwenye kioo, ameshafungua mdomo, anasubiri.

"Nipake losheni," Hirwa akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Na shingoni pia."

Nasiri akampaka. Ilikuwa baridi, basi. Hakuna moto, hakuna kitu, mpaka Hirwa akaogopa labda haijafanya kazi. Nasiri akaichukua spiriti, akafuta nayo wembe na meno ya mashine, moja moja, akasema kazi yake ni hapa, kwa chuma. Kisha akamwambia Yasmina aiweke chupa ya kijani mbele ya kioo. Silvère alifunga mdomo, akajishika shingo yake yenye makovu, akauliza foleni inaanzia wapi.

Jumamosi, Gahanga, jua linawaka. Liliane alimshika Hirwa kidevu, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, akampeleka hadi pasipo na kivuli. Madoa mawili matatu ya zamani yalikuwepo bado. Kipele kipya, hakuna hata kimoja. Liliane alimfungia ua kwenye koti, akamsukuma mgongoni.

Ngoma zikaanza. Bwana harusi nyuma yake, wajomba nyuma ya bwana harusi, na wageni wote wamesimama. Mpiga video akaja kinyumenyume na taa yake kali, akasogea, akasogea tena, mpaka kamera ikawa karibu na pua. Zamani Hirwa angegeuza shingo. Siku hiyo aliinua kidevu na kuitazama ile taa, akatembea polepole, mrefu, wa kwanza kabisa, na harusi nzima ikamfuata.