Gari Lipo, Watu Hawapo

Simu ya Afande Adelard iliingia Demetria akiwa bado anafunga kamba za buti, na kabla hajaipokea alishajua kuna mtu anaombwa. Mkuu huyo wa kituo cha zimamoto cha jirani hakuwa na desturi ya kupiga asubuhi kujuliana hali.

"Sajenti, nisaidie mtu mmoja," alisema Adelard. "Nimebaki na dereva peke yake."

"Afande, na mie nina nani?"

"Una Praygod."

"Praygod ndiye huyo mmoja."

"Na dereva."

"Dereva anaendesha gari, tukifika anasimamia pampu. Unataka ashike na mpira wa maji kwa meno?"

Adelard alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Demetria, kwamba hakupata hata mtu wa kumchukia. "Sajenti, agizo limeshatoka juu. Mie nimekupigia kwa heshima tu, usije ukasikia kwa wengine."

Basi Konstebo Praygod akabeba helmeti yake na mtungi wake wa hewa, akapanda bodaboda kwenda kukijaza kituo cha jirani. Alipokuwa anaondoka alimtazama Demetria kama mtoto anayepelekwa kwa shangazi asiyempenda. "Nitarudi jioni, afande," alisema.

"Nenda. Usisahau glavu."

Kwa utaratibu, gari la kituo kile, lililolala kwenye banda nyuma ya Barabara ya Kilwa, lilitakiwa kutoka na watu sita chini ya mkuu wao. Demetria alikuwa na hao sita, kwenye karatasi. Wawili walichukuliwa mazoezi ya gwaride, maana kulikuwa na sherehe inakuja na wakubwa walitaka mistari inyooke. Mmoja alikuwa kozi mikoani. Sekela alikuwa likizo ya uzazi, na huyo hakuna wa kumlaumu, mtoto hangoji ikama ya watumishi itimie. Sasa Praygod naye ndiyo huyo. Akabaki yeye na Koplo Mwishehe, dereva mwenye mvi, mzaliwa wa Mbagala tangu Mbagala ikiwa mikorosho.

"Jambo, afande," Mwishehe alimpigia saluti.

"Jambo. Shikamoo, mzee." Ndivyo walivyosalimiana siku zote, cheo kwanza, umri ukifuata. "Wamemchukua Praygod."

"Nimemwona." Mzee aliendelea kufuta kioo cha gari. "Zamani kusaidiana vituo ilikuwa moto ukikushinda, mwenzio anakuja. Siku hizi tunasaidiana kabla ya moto. Moto ukija hatuna tena cha kusaidiana."

"Shuka moja hiyo, mzee. Huyu akijifunika, yule miguu nje."

Hawakumaliza chai. Simu ya dharura ililia, na sauti ya mwanamke ikapiga kelele kwamba karakana ya masofa inaungua, mtaa wa nyuma ya soko, na kuna bibi ndani.

Mwishehe aliliendesha gari kama mtu anayepita sebuleni kwake. Alijua kichochoro gani kimezibwa na vibanda na kipi kinapitika, king'ora kikilia, wauza mitumba wakivuta meza zao huku wakitukana. Demetria alivaa mtungi wa hewa humo humo garini, viwiko vikigonga mlango. Moshi ulionekana kabla ya nyumba. Ulikuwa mweusi, mzito, wa sponji na gundi.

Ilikuwa nyumba ndefu ya kupanga, vyumba vikitazamana kwenye korido moja. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikodishwa na fundi sofa aitwaye Nurdin, na hicho kilikuwa kimeshageuka tanuri. Demetria aliporuka chini, umati ulimpokea kwa kuzomea.

"Wawili tu? Nyie mmekuja kuzima moto au kutoa pole?"

"Maji mnayo leo, au mmeyasahau?"

Kulikuwa na simu nyingi hewani zikirekodi kuliko mikono iliyokuwa ikifanya kazi. Demetria aliuma meno. Angewajibu nini? Kwamba wana haki ya kukasirika, ila hasira yao imefika kwa mtu asiyehusika? Nurdin alimjia mbio, vinyweleo vya mikono vimeungua, machozi na masizi usoni.

"Sista, Bi Mwanabaraka yuko ndani! Chumba cha mwisho kulia. Kiharusi kilimpiga, hatembei. Tumejaribu kupita uani, moshi umeturudisha. Na dirisha lina nondo."

"Anaongea? Mmemsikia?"

"Alikuwa anaita. Sasa hivi simsikii."

Demetria aliutazama mlango wa korido. Alifundishwa, na yeye mwenyewe amewafundisha wengine, kwamba hakuna kuingia kwenye moshi peke yako. Mnaingia wawili, na nje anabaki mtu wa kuwavuta mambo yakiharibika. Yeye alikuwa mmoja. Mwishehe akiiacha pampu, maji yanakatika na moto unaila korido. Alichukua simu ya upepo akaomba msaada.

"Gari linakuja," Adelard alijibu bila kusita. "Nalitoa sasa hivi. Vumilia."

Kuvumilia nako kunataka watu. Demetria alimshika Nurdin bega na kuwaonyesha kidole vijana wawili wenye miili waliokuwa karibu. "Wewe, na wewe, wekeni simu mfukoni. Shikeni mpira huu. Huu ukijaa maji unarusha mtu, kwa hiyo ubaneni kwapani, mguu mmoja mbele. Mie nikisonga na nyie mnasonga. Msiniachie!"

"Sista, sisi hatujasomea."

"Na mie sijasomea kuwa peke yangu. Shika!"

Mwishehe akafungua maji. Mpira ukanyanyuka, kijana wa nyuma akapiga mwereka, akaamka, akaung'ang'ania tena. Wakaanza kuusukuma moto utoke mlangoni mwa korido, urudi kwenye karakana ulikotoka. Ulikuwa unarudi kwa shingo upande. Kila wakiusogeza hatua, sponji nyingine ilishika humo ndani na moshi ukawatemea usoni. Kwa nyuma Mwishehe alipaza sauti kwamba maji ya tangi yanashuka. Mwanamke mmoja, aliyekuwa akizomea kuliko wote, akafunga kanga kiunoni na kutoka mbio. Baadaye kidogo boza la muuza maji wa mtaa lilirudi kinyumenyume kichochoroni, mwanamke yule akiwa ametangulia mbele yake anawatawanya watu kwa makofi.

Ndipo gari la kituo cha jirani likafika. Demetria aligeuka kwa shukrani, akitazama mlango wa nyuma ufunguke, akitumaini Adelard amepata na wengine. Alishuka dereva. Kisha akashuka Praygod, helmeti kichwani, glavu mkononi.

Demetria alingoja. Mlango ukafungwa.

"Wengine?"

"Afande," Praygod alisema kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake, "ndiyo sie."

Kwa muda mfupi Demetria alitaka kucheka kicheko kile cha msibani. Aliomba msaada akaletewa mtu wake mwenyewe. Kijana angebaki kituoni asubuhi, wangekuwa wameshaingia na kutoka. Badala yake ilibidi azungushwe nusu ya Temeke kwa bodaboda, na arudishwe kwa king'ora, ili aandikwe kuwa ni nguvu kutoka nje. Lakini huo haukuwa wakati wa kusema. Alimkabidhi dereva wa pili mpira wa kina Nurdin, akafunga kamba kiunoni mwake na kwa Praygod, ncha akampa Nurdin.

"Nikivuta mara nyingi nyingi, na wewe vuta kwa nguvu zako zote. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Waliingia wakitambaa. Korido ilikuwa giza tupu mchana kweupe, joto likiwakandamiza mgongoni kama mkono. Demetria alihesabu milango kwa kiganja, ukuta, mlango, ukuta, mlango, akigonga ndoo na viatu vya watu. Mlango wa mwisho ulikuwa umerudishiwa tu, lakini haukusukumika. Kitu laini kiliuzuia kwa ndani. Praygod alipenyeza mkono chini, akapiga kelele ndani ya barakoa: "Ni yeye!"

Bi Mwanabaraka alikuwa amejitupa chini kutoka kitandani na kujikokota kwa mkono mmoja ulio mzima mpaka mlangoni, akajilaza usawa wa sakafu, uso kwenye upenyo wa chini ambako hewa ilikuwa imebaki kidogo, kanga iliyolowa puani. Walimsogeza taratibu wasimvunje, wakamfunga kanga zake, wakamvuta. Kamba ilikaza. Nurdin alivuta kabla hata ya kuambiwa.

Nje, umati ulifungua njia. Walimlaza kivulini, Praygod akamwekea hewa. Bibi alikohoa mpaka mwili wote ukatetemeka, akafungua jicho moja, akamtazama Demetria kwa ghadhabu ambayo Demetria hajapata kuiona kwa mtu aliyetolewa kaburini.

"Nimeita mpaka sauti imekauka," alisema kwa mdomo wake uliopinda. "Mlikuwa wapi nyie?"

Demetria alipiga magoti, masizi yakimchuruzika. "Tusamehe, bibi. Tulikuwa wachache."

"Wachache ndiyo nini? Mji mzima huu!"

Simu ya upepo ilikuwa inamwita. Ni Adelard, sauti imebadilika. "Sajenti, nirudishie gari langu. Lori limebana daladala huku kwangu, kuna watu ndani, na mie nimesimama kwenye banda tupu."

"Afande, moto wangu bado haujafa."

"Najua. Na mie nafanyaje?"

Demetria aliitazama karakana inayowaka, akamtazama bibi anayepumua. Hapa hakuna tena mtu ndani. Kule wapo. "Chukua," alisema. "Na Praygod mchukue." Praygod alivuta glavu zake, akapanda gari. Dakika ile Demetria aliona zamu yake inamtoroka kwa mara ya pili siku hiyo, taa zikiwaka, king'ora kikilia.

Wakamalizana na moto ule yeye, Mwishehe, boza la muuza maji na watu wa mtaa. Hakuna aliyezomea tena. Wanawake walipitishana ndoo kuloweka paa la jirani, wanaume walibadilishana mpira, na Nurdin aliishika ncha ya mpira mpaka mikono ikamfura, akiimwagia maji karakana yake mwenyewe huku analia. Karakana haikupona, wala vyumba viwili vya mbele. Vya nyuma vilibaki, na nyumba za pembeni hazikuguswa. Gari la wagonjwa lilimchukua Bi Mwanabaraka, naye alikuwa bado anawasema.

Alasiri wakiwa wamerudi kituoni, hata hawajavua buti, simu ya upepo ilianza mzunguko wake wa kila siku. Kituo kimoja kimoja kinaitwa, na kila kimoja hujibu "tayari." Ndivyo ilivyokuwa tangu Demetria aingie kazini. Hata siku gari liko gereji, mtu alijibu "tayari", kwa sababu ndilo neno lililozoeleka, kama kuitikia hodi.

Kituo chake kikaitwa. Mwishehe alikuwa amekaa kwenye kibaraza akimimina maji kutoka kwenye buti. Demetria alibonyeza kitufe.

"Hakipo tayari."

"Rudia?" sauti ya makao ya mkoa iliuliza.

"Hakipo tayari. Gari lipo, watu hawapo. Moto ukitokea sasa hivi, tutakuja wawili, na wawili hatuingii ndani. Naomba iandikwe hivyo."

Mzunguko ukakwama. Halafu, bila kuitwa, sauti ya Adelard ikaingia, imechoka. "Na kwangu vivyo hivyo. Hakipo tayari." Baada yake kituo kingine, ambacho Demetria hakumjua hata mkuu wake, kikasema hivyo hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri ugonjwa.

"Afande," Mwishehe alisema, "watakuhamisha."

"Wakinihamisha watamweka nani hapa?"

Mzee akakung'uta buti. "Kweli. Hilo hawajalijibu bado."

Kesho yake aliitwa makao ya mkoa. Alimkuta Adelard kwenye benchi la nje, sare imepigwa pasi, macho mekundu. Wale wa kwenye daladala walitoka wote wazima, alimwambia, isipokuwa kondakta aliyevunjika mguu. Waliingia pamoja, wakafokewa pamoja, kwamba simu ya upepo si mahali pa kulalamikia na kwamba wameliaibisha jeshi. Demetria alisimama mkakamavu akiitikia "ndiyo, afande" kila inapotakiwa. Mwishoni mkubwa alipoishiwa maneno, alimuuliza kwa hasira, "Sasa ulitaka useme nini?"

"Idadi, afande. Nilisema idadi."

Mkubwa akawaonyesha mlango.

Aliporudi kituoni aliwakuta konstebo wake wawili wa gwaride wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai, buti zinang'aa mpaka unajiona. Wamerudishwa, walisema. Mtu alipiga simu moja tu asubuhi ile, wakaambiwa pandeni gari. Na Praygod yuko njiani.

Mwishehe alidhani afande wake atafurahi. Demetria alisimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, akawatazama wale vijana wawili wazima, wenye afya, waliokuwa mwendo mfupi tu kutoka hapo siku zote hizo. Simu moja. Alimkumbuka bibi sakafuni, uso kwenye upenyo wa mlango, na alihisi hasira inampanda upya kuanzia miguuni, kali kuliko ya jana.

"Mipira iko nyuma, imejaa masizi," alisema. "Malizeni chai, mkaioshe."