Kaburi la Baba Yake Gidabuday

Mwaka huu kwaya ya kigango chetu ilitimiza miaka ishirini na mitano, na badala ya kushona sare mpya, wanakwaya waliamua kusafiri. Walitaka siku moja ya hija na matembezi: misa ya asubuhi katika kanisa la kale la mawe kule juu mlimani, maporomoko ya maji yaliyo chini yake, kisha kushuka mpaka Ziwa Basotu kuona viboko. Kazi ya kuwaongoza nilipewa mimi. Naitwa Marieta Akonaay. Nilisomea kuongoza wageni Arusha, nikarudi kuifanya kazi hiyo kwetu Tumati, ambako wengi bado wanadhani kazi yangu ni kutembea na Wazungu.

Kituo cha nne nilikiongeza mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniomba.

Upande wa Hirbadaw, nchi inapoanza kuwa tambarare, kuna kaburi la mzee mmoja wa Kibarabaig. Si kila mtu huzikwa vile kwao. Huyu alikuwa mzee wa kuheshimiwa, kwa hiyo baada ya kumzika, wanawe na ukoo mzima walikusanyika miezi kadhaa wakimjengea juu yake mnara wa udongo, miti na samadi, mpana chini na mwembamba juu, kupita kimo cha mtu. Wao wanauita bung'eda. Kileleni walisimika fimbo ya mti mbichi uliobanduliwa magome, na kuzunguka kaburi lote wakaweka ua wa miiba. Mwanawe mkubwa anaitwa Gidabuday. Ilinichukua miaka miwili kuaminiwa na mtu huyo. Nilikuwa naenda, nasalimia, nakunywa maziwa, naondoka bila kuomba kitu. Siku moja akaniambia mwenyewe, "Walete watu wako waone. Lakini wasimame nje ya miiba. Mtu asipande. Mtu asishike."

Masharti hayo niliyatangaza kwenye basi mara tatu, mara mbili kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, ili bibi zetu wa sauti ya kwanza wasije wakasema hawakusikia. Wote waliitikia. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni mwenyekiti wa kwaya, Mwalimu Onesphory. Mtu huyu alinifundisha darasa la tano. Nusu ya watu waliokuwa ndani ya basi lile aliwafundisha yeye, na nusu nyingine aliwafundishia watoto wao. Akikohoa, watu hunyamaza.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Kanisani ukungu ulikuwa mzito mpaka tukawa tunapapasa ukuta kutafuta mlango. Ndani mlikuwa na baridi ya mawe na harufu ya nta. Mwalimu Onesphory alisimama mlangoni akihakikisha kila mwanamume amevua kofia. Kijana mmoja wa sauti ya nne, Pascal, alikuwa anatafuna bablishi. Mwalimu alimfanya aiteme kwenye kiganja na kuishika hivyo hivyo mpaka misa ikaisha. Wakati wa kupiga picha alikataza mtu yeyote asikanyage ngazi ya altare. "Hapa ni mahali pa watu waliotutangulia," alisema. Nilimpenda kwa maneno yale. Nayataja kwa sababu aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, siku ile ile.

Kwenye maporomoko walicheka, wakalowa, wakaimba. Saa saba tulikuwa Hirbadaw, na ukungu tumeuacha nyuma yetu juu ya milima kama blanketi iliyosahaulika kitandani. Jua lilikuwa kali. Niliwaacha wakishuka kwenye basi nikatembea kwenda bomani kwa Gidabuday kumjulisha kwamba tumefika. Adabu inadai hivyo. Si mwendo mrefu. Nilimkuta na mkewe wakijaza maziwa kwenye vibuyu viwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watu wako wana kiu?"

"Wana kiu, baba."

"Twende."

Tulikuwa tunarudi hivyo, sisi watatu, mke wake na vibuyu, tuliposikia vigelegele. Nilidhani wanaimba. Tulipopita mti wa mwisho nikaona miiba imesogezwa pembeni, na wanakwaya kama kumi wako ndani ya ua. Mwalimu Onesphory alikuwa kileleni. Alikuwa amesimama na viatu vyake vyeusi vya Jumapili, mkono mmoja ameshika bango la jubilei, mkono mwingine ameshika ile fimbo, na chini watu wameinua simu wanampiga picha. Udongo ulikuwa umemomonyoka pale alipokanyaga kupanda. Nilihesabu: hatua saba.

Nilikimbia. Sijui niliingiaje kwenye ua. Jioni ndipo nilipoona miguu yangu imechanika.

"Mwalimu, shuka."

Alicheka. "Marieta! Njoo na wewe upate picha. Ukiwa huku juu unaona mpaka ziwani."

"Mwalimu, nimesema shuka. Nilitangaza kwenye basi. Hapo amelala mtu."

"Amelala nani? Hiki ni kichuguu cha Mang'ati. Udongo na mavi ya ng'ombe." Akawageukia wenzake. "Tuliwaambia tangu enzi za mapadre wa kwanza, na mpaka leo bado wanaabudu vichuguu."

Baadhi walicheka. Jina lile la Mang'ati Wabarabaig hawalipendi, na mwalimu analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Katika maisha yangu sijawahi kumwinulia sauti mtu aliyenizidi umri; kwetu hilo halifanyiki. Siku ile lilifanyika.

"Wewe," nikasema, "shuka hapo!"

Mwalimu akashuka polepole, uso umemvimba, na ile fimbo amekwisha kuing'oa, anaitumia kama mkongojo.

"Unaniita mimi 'wewe'? Mimi niliyekushika mkono kukufundisha kugawanya?"

"Rudisha fimbo."

"Hii naenda nayo. Watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu waone wapagani wanaabudu nini."

Nikaikamata. Akavuta, nikavuta. Ilikuwa imekauka kwa jua la miaka. Ikakatika katikati, kipande kwake, kipande kwangu.

Hapo Gidabuday alikuwa amefika kwenye pengo la miiba. Nyuma yake nikawaona ndugu zake wawili wanakuja mbio na fimbo mikononi. Akawainulia mkono bila kugeuka, wakasimama. Aliniangalia mimi, si mwalimu.

"Huyu ni nani kwako?"

"Ni mwalimu wangu."

"Alikufundisha nini?"

"Hesabu, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa jambo alilokuwa anajiuliza kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kiganja. Nikampa kipande changu. Mwalimu alitupa chake chini. Gidabuday aliinama akakiokota mwenyewe, akafuta vumbi kwa ncha ya shuka yake.

"Mmeivunja wote wawili," alisema.

Mke wake alikuwa bado ameshika vibuyu. Hakuna aliyekunywa yale maziwa. Wanakwaya walirudi kwenye basi bila kuimba, na mimi sikupanda. Nilibaki nikiwasaidia wale ndugu kurudisha miiba. Mmoja alinieleza kwa kifupi kwamba fimbo ile haiwezi kurudishwa hivi hivi. Wazee wa ukoo lazima wakusanyike, ipikwe pombe ya asali, ndipo nyingine isimikwe. Na mwaka huu asali haikuwepo, mvua ilikuwa imekataa na nyuki wamehama mizinga. Nilirudi nyumbani kesho yake kwa lori la mahindi, na njia nzima sentensi ile ilikuwa inanichoma. Wote wawili. Kweli, mkono wangu ulikuwepo.

Jumapili, baada ya misa, Mwalimu Onesphory alisimama kusoma matangazo. Alisoma ndoa, akasoma zamu ya usafi. Kisha akakunja karatasi.

"Kuna jambo la huzuni," alisema. "Binti wa kigango hiki, Mkristo aliyebatizwa kwenye kisima kile pale, amemshambulia mwalimu wake mbele za watu kwa ajili ya kaburi la wapagani. Tumwombee."

Watu walinigeukia. Mama yangu, aliyekaa pembeni yangu, alinibana mkono akinisihi kwa macho nikae. Nilisimama.

"Mwalimu, ukimaliza waambie na kilichobaki. Waambie ulipanda juu ya kaburi la baba wa mtu kwa viatu, mwenye kaburi anakuletea maziwa."

Hapo kanisa lililipuka kwa minong'ono. Padre Yoakimu, paroko wetu, aligonga kipaza sauti, akatuita sote wawili ofisini.

Nilikwenda na matumaini. Padre Yoakimu ni mtu mpole na msomi. Alitukalisha, akatumiminia chai, akazungumza vizuri sana juu ya amani. Alisema mwalimu alikosea kidogo kwa kutokuwa mwangalifu, na mimi nilikosea kidogo kwa ulimi. Alitaka tushikane mikono, kila mmoja amwombe mwenzake radhi, na jambo liishie pale.

Mwalimu alinyoosha mkono. Mimi niliuangalia ule mkono.

"Padre," nikasema, "Gidabuday yuko wapi katika mazungumzo haya?"

"Nani?"

Basi, neno lile moja lilinitosha. Tulikuwa tumekaa robo tatu ya saa, chai imekwisha, na padre alikuwa hajui jina la aliyekosewa. Tulikuwa tunapatanishwa watu wawili ambao hakuna aliyekuwa ametuvunjia kitu.

"Mwenye kaburi," nikamjibu. "Mwalimu akienda Hirbadaw akamwambia Gidabuday 'nisamehe', mimi nitapiga magoti mbele ya mwalimu, hapa au kanisani, popote anapotaka."

"Kwa mpagani siendi," alisema Mwalimu Onesphory, na akarudisha mkono wake mfukoni.

Nikaaga, nikatoka. Wiki ile kundi la wanawake wa kigango kingine lililokuwa limeniomba niwapeleke ziwani lilituma ujumbe kwamba limeahirisha. Kwenye kundi la simu la kwaya picha ya mwalimu kileleni iliwekewa alama za kupiga makofi. Nilimwomba katibu aifute. Akaniuliza kwani imemdhuru nani.

Siku ya tisa, asubuhi, ukungu bado uko mlangoni, nikasikia hodi. Alikuwa Bibi Restituta, mwimbaji mkongwe kuliko wote, aliyepita miaka sabini. Alikuwa amebeba kichwani ndoo ya plastiki iliyofungwa mdomo kwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi. Karibu ndani, baridi."

"Marahaba. Siingii. Nitue."

Nilimtua. Ilikuwa asali, imejaa. Mume wake marehemu alimwachia mizinga kwenye msitu wa juu ambako nyuki hawakuhama, na alikuwa amekusanya yote aliyoiweka kwa ajili ya misa ya kumbukumbu yake.

"Nilikuwa ndani ya ule ua," alisema. "Sikupanda, lakini niliingia. Nilipiga na vigelegele. Nilimwona yule mama amesimama na vibuyu, nikapanda basi nikanyamaza. Sijalala vizuri tangu siku ile. Mama yako amenieleza kwamba wanakosa asali ya kusimika fimbo nyingine. Unipeleke."

"Wakisikia kanisani, bibi?"

"Wasikie. Mimi wataniondoa wapi? Kwenye sauti ya kwanza? Sauti yenyewe imeshakwisha."

Tukaenda. Gidabuday alitupokea kwa salamu fupi na hakutabasamu. Bibi Restituta alipojaribu kupiga magoti, mama yake Gidabuday, mwanamke wa umri wake, alimshika kiwiko akamwinua. Hawakuwa na lugha moja. Walikaa chini pamoja, yule mama akafungua ndoo, akachovya kidole, akaonja, akasema kitu kilichowafanya wanawake wengine wacheke.

"Anasema asali ya baridi," mke wa Gidabuday alitutafsiria. "Asali ya huko kwenu kwenye mawingu."

Ikapikwa. Siku iliyopangwa tulirudi, tukasimama nje ya miiba kama tulivyopaswa kusimama tangu mwanzo. Wazee walikunywa, wakanyunyiza, wakaomba kwa sauti za chini ambazo sikuzielewa na sikuhitaji kuzielewa. Ndugu mdogo alipanda peku, akisikilizia kila mahali kabla ya kukanyaga, akajaza udongo kwenye zile hatua saba na kusimika fimbo mpya. Ilikuwa mbichi, inang'aa.

Baadaye Gidabuday alinisogelea.

"Wewe na bibi huyu, njooni siku yoyote. Maziwa yapo. Wageni usilete tena."

Miaka miwili ya kunywa maziwa na kusubiri ilikwisha kwa maneno yale. Nilikuwa na majibu mengi: kwamba wengine si kama wale, kwamba ningeweka masharti makali zaidi. Nilimwangalia yule kijana anavyoshuka juu ya kaburi la baba yake kwa uangalifu ule, nikayameza.

"Ni haki yako, baba," nikasema.

Tulipanda mlima kurudi na bodaboda mpaka barabara ilipoharibika, kisha kwa miguu. Bibi Restituta alitembea mbele na ndoo tupu. Mimi nyuma yake nilianza kulia, na aliposikia aligeuka kuniuliza kama ni huzuni.

"Si huzuni, bibi. Ni hasira."

"Basi lia," alisema, akakaa juu ya jiwe kunisubiri. "Mimi sina haraka."