Kiti cha Ijumaa

Chumba cha kusafishia damu kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita maabara, mlango wa kijani uliochubuka rangi pale watu wanaposukumia. Ndani vilipangwa viti vya kuegemea, vinane, kila kimoja na mashine yake ya kuzungusha damu ya mtu kwenye mirija. Nje kulikuwa na benchi. Nililikalia miaka, nikimsindikiza binti yangu ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa, na nalijua mpaka msumari uliokuwa ukichana sketi za watu upande wa ukutani.

Mtindo ulikuwa wa kuwahi. Sista mkuu, mwanamke wa mwili mkubwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, akifungua mlango wote wananyanyuka kwa pamoja, wauguzi wanakimbizana, mmoja anatafuta sindano, mwingine anatafuta aliyechukua sindano. Wa mwisho wanaunganishwa jua likiwa utosini na kuchomolewa mapema kwa sababu zamu imekwisha. Mara nyingi binti yangu alirudi nyumbani na damu iliyosafishwa nusu, uso umejaa, hana hamu hata ya kuvua viatu.

Aliyekuja kulinyoosha jambo hili ni mjukuu wangu, mtoto wa huyo huyo binti yangu. Amesomea hesabu za kupanga kazi. Kabla ya hapo alikipangia kiwanda cha mabati safari za malori yake, wakamsifu sana. Siku moja nikamuuliza hizo hesabu ndiyo nini hasa.

"Bibi, una majiko mawili na sufuria tano, wageni wako njiani. Ipi ianze, ipi ingoje, ili wote wale cha moto? Ndiyo kazi yangu."

"Mke mwenza," nikamwambia, "hiyo nimeifanya tangu sijamzaa mama yako, na hakuna aliyenivika joho."

Akacheka. "Wewe ulipewa sufuria, bibi. Mimi hospitali wamenipa watu."

Alikaa mle chumbani siku nyingi akipima kwa simu yake muuguzi anatumia muda gani kumuunganisha mgonjwa mmoja. Akagundua viti vilitosha. Tatizo lilikuwa kuanza wote kwa mpigo. Akampa kila mgonjwa saa yake, huyu aanze, yule afuate, muuguzi amalize mmoja ndipo amshike mwingine. Benchi likahamishiwa kliniki ya wajawazito. Na watu wakasafishwa muda wao wote, jamani, mpaka dakika ya mwisho.

Kiti cha jirani na binti yangu alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba, ulimi haumlali kinywani. Alimwita mjukuu wangu Profesa. "Profesa, zamani nikichelewa nasingizia foleni. Sasa umeniondolea foleni, nitasingizia nini?" Siku nyingine alimtazama binti yangu shingoni akauliza, "Dada, gauni hilo alikushonea nani? Mwambie nimemsamehe."

Miezi ile binti yangu alipata rangi. Alifagia uwanja mwenyewe. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, anakwenda na anarudi akiimba.

Halafu mashine mbili zikafa. Kifaa kikaagizwa, tukaambiwa kiko njiani, na huko njiani kikabaki. Daktari mkuu akamwita mjukuu wangu. Jioni alikuja kukaa nami jikoni, akachukua kisu akaanza kumenya viazi bila kuambiwa, maganda manene, alivyo akiwa na jambo.

"Anataka wagonjwa wote wabaki, mashine sita, wauguzi walewale."

"Inawezekana?"

"Inawezekana. Baadhi waje mara mbili kwa wiki badala ya tatu. Nikamuuliza, akina nani? Akasema kompyuta iamue." Akatupa ganda. "Kompyuta haiamui, bibi. Inangoja iambiwe nani aonewe huruma kwanza."

Aliwapelekea madaktari swali hilo kwenye kikao. Kila mmoja aliangalia kikombe chake cha chai. Basi akaandika kanuni mwenyewe: atazame uzito wa maji yaliyojikusanya mwilini ambayo mgonjwa anakuja nayo kwenye mizani, na majibu ya damu yake. Aliye kwenye hatari zaidi abaki na siku tatu, ambaye mwili wake unaweza kuvumilia apewe mbili, na kila mwisho wa mwezi wapimwe upya. Madaktari wakaitikia kwa vichwa. Na mimi aliponieleza niliitikia. Sikuona kasoro.

Binti yangu akawa miongoni mwa walioweza kuvumilia.

Maana alikuwa mtiifu. Aliambiwa asinywe maji ovyo, akawa anapima kwa kifuniko cha chupa. Wakati wa joto alisukutua na kutema, akabaki anautazama mfereji kama mtu anayemtazama mchumba wa mwenzake. Mizani haikuwahi kumshitaki. Kwa hiyo Ijumaa yake ikaondolewa.

"Ulijua?" nilimuuliza mjukuu wangu, mama yake amekaa hapo hapo anakunja nguo.

"Nilijua kabla sijabonyeza."

"Badilisha namba moja tu. Nani atajua?"

"Nimtoe nani, bibi? Niambie jina, nitabadilisha."

"Yule dereva wa lori wa kiti cha mlangoni. Anakunywa maji kuliko lori lenyewe."

Binti yangu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mama, acha. Yule ana watoto wadogo," akaendelea kukunja nguo.

Fundi cherehani naye alikuwa amepoteza Ijumaa. Mwezi uliofuata nikasikia amerudishiwa. Nikiwa nimesimama kando ya kiti cha binti yangu, aliinama upande wetu akanong'ona.

"Dada, kunywa. Karibu na siku ya mizani kunywa tu, bilauri kwa bilauri. Utapanda uzito, watakuona mahututi, watakupa siku yako."

"Utakufa, fundi."

"Si nitafia kwenye kiti? Wewe utafia kwenye kochi."

Hakuwa peke yake. Dereva alikunywa, mwalimu mstaafu alikunywa, hata yule mama mcha Mungu wa kiti cha dirishani alikunywa. Mjukuu wangu aliona uzito wao umepanda wote kwa pamoja, akadhani ugonjwa umebadilika. Mimi ndiye niliyemwambia. Akaweka kiganja mdomoni.

"Nikiuondoa uzito nikaacha damu peke yake, watakula vyakula walivyokatazwa ili damu ichafuke. Chochote nitakachopima, bibi, watakiharibu."

"Basi usipime."

"Halafu niwagawe kwa nini? Kwa sura?"

Na kila aliyekunywa aliishika Ijumaa ya asiyekunywa.

Nilimpelekea binti yangu bilauri ya maji, imejaa, baridi, inatoa jasho pembeni. "Kunywa, mwanangu."

Aliitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa imempasuka. "Kanuni ile kaiandika mtoto wangu," akasema. "Nikiidanganya, nitakuwa namwambia nini?" Akaisukuma mpaka katikati ya meza. Nikayamwagia maua maji yale.

Damu yake haikujua utiifu. Siku mbili hazikumtosha. Miguu ilianza kuvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, akilala bapa anakosa pumzi.

Alhamisi moja maji yalimjaa fundi cherehani mapafuni. Alikufa nyumbani, hakukifikia kiti. Mjukuu wangu akafuta jina lake kwenye mpango, na kompyuta, kwa kanuni ile ile, ikamtafuta aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote waliobaki na siku mbili. Safari hii mizani na damu ya binti yangu zilisema kweli tupu. Ijumaa yake ikarudi.

Tulimwingiza kwa kiti cha magurudumu. "Ni kile cha fundi?" akauliza. Sista mkuu akasema ndicho, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Alimpima kifuani, akamwita daktari, daktari naye akapima. Moyo ulikuwa umetanuka. Siku tatu zingesaidia usizidi, akasema, lakini ulipofika haurudi.

Wakamuunganisha. Damu ikaanza kupanda kwenye mirija. Mjukuu wangu alisimama miguuni pa mama yake na kompyuta kifuani kama mtoto aliyebeba kibao cha shule.

Upande wa dirishani mashine ikaanza kulia, ikanyamaza, ikalia tena. Fundi mitambo akaja, akafungua mgongo wa mashine, akachungulia, akachomoa waya ukutani. Daktari mkuu alitazama, kisha akamgeukia mjukuu wangu.

"Tutahitaji mpango wa mashine tano. Kufikia Jumatatu."

"Sawa, daktari."

Binti yangu alifumbua macho. "Tumia kanuni ile ile," akamwambia mtoto wake. "Usinitafutie njia."

"Sawa, mama."

Akavuta kistuli, akaketi, akafungua kompyuta magotini, akaanza.