Jina la Aliyetupwa Mlimani

Mwajabu anajilaza ubavu baada ya adhuhuri, mtoto bado ananyonya, na anajiambia hasinzii, anafumba macho tu. Leo kitovu kimedondoka. Kwao kitovu kikidondoka mtoto hutolewa nje siku hiyohiyo, alasiri: mama mkwe husimama nje ya kizingiti na kata ya maji, huuliza mara tatu, nani huyo, na mama aliye ndani hutaja jina. Akikaa kimya mara zote tatu, mama mkwe ndiye anayetaja. Na mkwewe, Bi Tatu, ameshalitaja lake tangu asubuhi, ungo mkononi, anapepeta mchele. Kidawa. Kidawa alikuwa dada yake Bi Tatu, akafa kigori. Kidawa akawa mtoto wa kwanza wa Mwajabu, akafa wa miezi minne. Anataka kurudi huyu, mwanangu, alisema Bi Tatu, mara ile hakukaa vizuri tu, mpe nafasi. Mwajabu hakubisha. Alitazama makapi yakipeperuka, akakumbuka kitabu cha darasa la sita, kile kisicho na jalada, hadithi za Wagiriki wa kale, wasichana wenye majina ambayo hakuna kaburi hata moja la huku lililowahi kuyasikia. Anafumba macho. Anafumbua, na ameshavuka kizingiti, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi, na mahali pa jina ni patupu.

Nje si uani. Nje ni barabara nyeupe inayokata shamba la mkonge lisilo na mwisho, na kila akigeuka nyuma, nyuma kumehama. Anatembea. Vumbi ni laini kama unga. Anafika kwenye mji ambao kuta zake zote ni vioo, anajiona kulia, anajiona kushoto, anaiona mbeleko imevimba mgongoni, lakini kichwa cha mtoto hakimo katika kioo hata kimoja. Anapapasa nyuma. Mtoto yupo, ana joto. Kwenye kona amesimama mwanamke aliyejifunga kanga, uso wake mtupu, laini kama mgongo wa kijiko, na hata kanga yake, pale panapoandikwa maneno, hakuna neno. Shikamoo mama, anasema Mwajabu, natafuta jina la mtoto wa kike. Marahaba, anasema yule asiye na kinywa, chukua Dafne, yeye bado amesimama. Amesimama wapi? Aliposimama. Mwajabu anakumbuka ukurasa ule, msichana alikimbizwa na mwanamume mpaka akageuka mti. Mama, mimi nimezaa mtu, sijapanda mti. Basi mti umekukataa, endelea mbele. Anaitazama kadi. Mahali pa jina pameanza kujiandika penyewe, K, kisha i. Analamba kidole, anafuta.

Mji wa pili ni uleule wa kwanza, ila umegeuzwa, kona iliyokuwa kulia sasa iko kushoto, na mwanamke ni yuleyule au ni mwenzake, atajuaje? Chukua Persefone, anaambiwa, huyo hurudi kila mwaka. Hurudi kutoka wapi? Kutoka anakokwenda. Anakwenda chini ya ardhi, anasema Mwajabu, na sauti inaanza kumpanda, nilisoma, anakwenda kwa wafu na mama yake analia mpaka mazao yanakauka. Mimi wangu mmoja yuko huko na hajarudi, mnanipa wa pili nimpeleke tena? Yule anainamisha kijiko chake cha uso. Umetaka jina lisilo na kilio ndani, anasema, hilo linauzwa kwenye duka ambalo halijajengwa. Mwajabu anasonya. Anaitazama kadi, Kida, herufi nne zimekwisha kaa, anasugua kwa mate mpaka karatasi inaota manyoya.

Lipo jina moja, anasema, ninalolitaka mimi. Atalanta. Baba yake alitaka wa kiume, akamtupa mlimani akiwa mchanga, afe, na hakufa, dubu alimnyonyesha, akawa na mbio kuliko wanaume wote. Lakini kitabu kimechanika pale anapoinama katikati ya mashindano kuokota tunda la dhahabu. Miaka yote hii nimemwacha ameinama. Niambieni mwisho wake, aliishije, alikufaje, ndipo nimpe mwanangu. Ulizia mbele, anaambiwa. Anakwenda mbele, mji wa tatu, ambao ni wa kwanza. Ulizia nyuma, anaambiwa. Anarudi nyuma, na nyuma kumehama. Ulizia mbele. Miguu inamwaka, kifua kimejaa maziwa, yanachuruzika, jua limekwisha kuinama, na Mwajabu aliyezoea kungoja foleni ya kliniki tangu alfajiri bila neno, anapiga kelele katikati ya njia: Mmeniburuza vya kutosha! Hamna nyuso, hamna majibu, kazi yenu nini hapa? Wote kwenye vioo wanapiga kelele pamoja naye, kisha wananyamaza.

Ndipo anasikia miguu. Msichana anakuja mbio, pekupeku, mweupe vumbi mpaka magotini, mkononi ana tunda la dhahabu lililomegwa. Huyu ana uso. Anatafuna. Dada, simama! anaita Mwajabu, ulikufaje? Msichana anacheka, haachi kukimbia, anamzunguka tu. Nani kafa? Wewe unanionaje? Ila nasikia mwisho nitageuka simba. Simba? Simba, dada yangu, ungependa nigeuke kuku? Nipe huyo mtoto nikupokee, umechoka. Na kabla Mwajabu hajakubali mbeleko ni nyepesi, mtoto kachukuliwa, na yule anatimua vumbi. Mwajabu anamfuata, analia, anatukana, vioo vinapasuka pembeni, mbele kuna kizingiti, na ng'ambo ya kizingiti kuna sauti inauliza:

Nani huyo?

Amekaa kitandani. Mtoto yuko mapajani. Mlangoni kuna mtu na kata ya maji, jua liko nyuma yake. Hii ni mara ya tatu, Mwajabu, inasema sauti ya Bi Tatu. Mbili umekaa kimya. Nitaje mimi?

Atalanta, anasema Mwajabu.

Jina la nani hilo? Mwenyewe alikufaje?

Alitupwa afe, mama, akakataa.

Kata inayumba. Kisha maji yanaruka, baridi, yanamwangukia mtoto usoni, naye analia kwa nguvu. Haya, Atalanta, inasema sauti ile taratibu, kama mtu anayeonja chumvi, na wewe ukatae.

Mwajabu anavuta pumzi, anamfuta mtoto maji, usoni, tumboni, miguuni. Nyayo za mtoto wa siku nane, ambazo hazijawahi kugusa ardhi, zimejaa vumbi jeupe. Anainua macho. Mtu wa mlangoni bado amesimama na jua mgongoni, na kwenye kanga yake, pale panapoandikwa maneno, Mwajabu haoni neno.

Ingia ndani, mama, anasema, anamkumbatia mtoto. Ingia nikuone uso.