Mstari wa Mtu wa Debe

Fundi wa maandishi alikuwa juu ya ngazi, nusu ya ukuta ameshaimaliza, meneja wa ukumbi alipomwambia asubiri kwanza. Wageni walikuwa waingie saa tisa. Kila mstari wa marehemu mwandishi wa tamthilia uliochorwa ukutani uhakikishwe kwenye mswada wake wa mkono, usiomo, ukwanguliwe.

"Mswada anao Bi Kumbusha," meneja alisema. "Mama, tuletee sasa hivi."

Miaka thelathini Bi Kumbusha alikaa nyuma ya pazia, juu ya debe, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Wao wakapigiwa makofi. Yeye hata kiti hakupewa. Hajasahau.

Na ule mstari maarufu, ambao fundi ameshauandika ukutani, ambao watu huuandika kwenye kadi za harusi na kuusoma makaburini, mswadani haumo. Siku ya onyesho la kwanza kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa chai, akazigeuza pamoja. Mwigizaji amekwama jukwaani, macho yamemtoka pima. Basi akamnong'oneza alichomwambia mumewe asubuhi ile walipogombana: "Nipende ningali na mdomo wa kukujibu. Ukimya hautakuuliza kama umekula."

Ukumbi mzima ulilia. Mwandishi alimfuata nyuma ya pazia, akamtazama, akasema maneno yale yaachwe hivyo hivyo. Asante hakutoa. Sifa alizipokea mpaka anaingia kaburini. Mume naye alikufa mwaka uliofuata, na kilichobaki cha ugomvi wao ni maneno yale.

Aseme ukweli? Nani atamsikiliza mtu wa debe?

"Mama, nikwangue?" fundi aliita.

"Ngoja, mwanangu. Miguu yangu hii siyo yako."

Alijifungia kwenye chumba cha mavazi, akatoa kalamu ya wino. Mwandiko wa yule mwandishi aliujua kuliko mkewe alivyoujua: k iliyovunjika mguu, a isiyofunga mdomo. Akaandika mstari ule pembeni mwa ukurasa, akaupuliza wino ukauke, akaupuliza tena.

Meneja aliufungua mswada pale pale mlangoni. "Kumbe upo," alisema, akaanza kuusoma mstari kwa sauti huku kidole chake kikipita juu ya herufi, moja moja. Alipofika mwisho alikiinua kidole polepole, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha: kilikuwa na wino mbichi.