Unga wa Magamba ya Kamba

Kazini walimwita Bi Magamba. Kila Jumatatu aliingia maabara na ndoo ya magamba ya kamba kutoka kiwanda cha samaki, na kwenye lifti watu waliziba pua. Aliyachemsha, akayasaga, akapata unga mweupe, kisha akaupika kwa asidi ili uyeyuke kwenye maji na uwe mkali zaidi kwa bakteria. Miaka minne alihangaika nao. Mkuu wa maabara alikuwa mjomba wake, aliyemlea tangu baba yake alipofariki.

Siku moja unga uliua bakteria wa vidonda. Seli za saratani kwenye kisahani zikafa pia, karibu zote.

"Mwanangu, umenitoa kimasomaso!" mjomba alisema, akamwomba daftari lake la majaribio akalisome nyumbani.

Miezi mitatu baadaye mtunza maktaba alimpa jarida jipya. "Hongereni, kazi yenu imetoka."

Akatafuta jina lake. La kwanza lilikuwa la binamu yake, binti wa mjomba, ambaye hata ile ndoo hakuwahi kuigusa. La pili la mjomba. Lake lilikuwa mwisho kabisa, kwenye shukrani: kwa kuosha vyombo.

Akaenda ofisini kwa mjomba, akaliweka jarida mezani.

"Mjomba, mimi nimeosha vyombo?"

Hakuinua macho. "Mwenzio anahitaji hii apate nafasi ya masomo. Wewe bado una muda. Mambo ya familia hayo, mama, tuyamalize ndani."

"Na ile asidi? Nilikwambia unga ule haukuoshwa vizuri. Nilikuomba tusubiri nirudie."

"Imeshachapishwa."

Alirudi mezani kwake, akauosha unga siku tano, akibadilisha maji asubuhi na jioni. Bakteria walikufa kama mwanzo. Seli za saratani zilibaki hai, zikajaza kisahani. Mara ya kwanza ziliuawa na mabaki ya asidi, si unga.

Angeweza kunyamaza, waumbuke wenyewe siku yao ikifika. Lakini barua za wagonjwa wa saratani zilikuwa zimeanza kuingia maabara. Mama mmoja aliuliza kama aache matibabu ya hospitali, ausubiri unga. Alimjibu haraka: usiache hata siku moja. Kisha akawaandikia wahariri wa jarida, akaambatanisha matokeo yote.

Makala ikaondolewa. Binamu akakosa nafasi. Ndipo mama mzazi wa Bi Magamba akampigia simu.

"Umemvua nguo kaka yangu hadharani."

"Na mimi alivyonivua, mama?"

"Wewe ungevumilia."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Akahamia maabara nyingine, akaanza upya.

Mwaka uliofuata makala ya unga wa vidonda ilitoka kwa jina lake. Alimpelekea mama nakala. Mama aliisoma juujuu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Mjomba wako utamwomba radhi lini?"